Tupeane uzoefu: majeraha na damu ya bandia kwa ajili ya kupiga picha

Fundi wa Dunda, Bagamoyo

Ndugu zangu, amani iwe kwenu. Naomba tukusanye hapa uzoefu wa kila aliyewahi kutengeneza majeraha ya bandia kwa ajili ya picha, kwa sababu maelekezo mengi tunayoyasoma yameandikwa na watu wa nchi za baridi, na joto la pwani yetu huyaumbua mapema. Naanza na langu.

Mwaka jana niliombwa kuandaa mguu uliovunjika kwa ajili ya mabango ya kufundishia huduma ya kwanza kwa madereva wa bodaboda. Nyama ya jeraha niliitengeneza kwa jelatini na gliserini, nikaimimina kwenye sahani iliyopakwa mafuta, ikaganda vizuri usiku ndani ya friji. Kufika saa nne asubuhi ufukweni, ilikuwa inateleza kwenye paja kama ute, kwani jelatini huyeyuka inapokaribia nyuzi joto 35, na ngozi ya mtu aliyelala juani hufika hapo upesi. Damu nayo ilikuwa shira nzito ya sukari, kama ile ya kaimati, niliyoitia rangi nyekundu ya chakula. Nzi wakajaa, kisha sisimizi. Kijana wa watu alivumilia nusu saa nzima bila kutikisika, na namshukuru hadi leo.

Tangu hapo natumia mwani, ambao akina mama wa Mlingotini wanaulima. Nauosha kwa maji mengi hadi chumvi na mchanga vitoke, nauchemsha kwa moto mdogo mpaka uvurugike, nauchuja kwa kitambaa, na uji ule ukipoa unakuwa jeli isiyoyeyuka kwa joto la mwili. Ukiipasua kwa kijiko badala ya kuikata kwa kisu, kingo zake hutoka na meno meno, kama nyama iliyochanika. Sharti picha zipigwe siku hiyohiyo, maana jeli hiyo hunywea.

Binti wa Chumbageni, Tanga

Ahsante sana, kaka. Huku kwetu kwenye mkonge mimi hutumia singa, yaani nyuzi zake. Nazichambua moja moja, nazilowesha kwenye rangi hafifu ya waridi, kisha nazilaza chini ya jeli zikifuata urefu wa kiungo, na kamera huziona kama kano zilizokatika. Mfupa ni kipande cha bomba jeupe la plastiki: nakivunja kwa nyundo, nakipiga msasa, halafu nakilaza usiku kucha kwenye chai ya rangi iliyokolea, kwa sababu weupe wa dukani hauna mfupa unaofanana nao.

Kosa langu lilikuwa Pangani, katika nyumba ya kale yenye kuta za chokaa. Nilirusha damu ukutani nikiamini itafutika kwa kitambaa, kumbe chokaa hunywa rangi. Tulilazimika kupaka upya upande mzima, na mwenye nyumba alikuwa na haki ya kukasirika. Siku hizi natandaza karatasi ya nailoni hata pale ninapoambiwa hakuna haja.

Mkazi wa Ngamiani, Tanga

Naongeza jambo moja. Niliwahi kupita sokoni nimeshika mkono wa bandia bila kuufunika, na mama mmoja muuza samaki akakaa chini akitetemeka. Nilimwomba radhi palepale. Sasa nabeba kila kitu kwenye ndoo yenye mfuniko, na kabla ya kupiga picha namwarifu mjumbe na majirani.

Muuguzi wa Makorora, Tanga

Wanangu, kazi zenu ni nzuri, lakini damu nyingi ninazoziona ni nyekundu mno. Damu ya ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, ndiyo yenye wekundu mkali. Ya vena, mshipa unaoirudisha moyoni, imeiva zaidi, na ikikaa hewani huwa ya kahawia. Tieni kakao kidogo na tone la rangi ya buluu. Tena, vilio la damu, yaani damu iliyovilia chini ya ngozi, kwenye ngozi nyeusi halionyeshi wekundu wa kwenye picha za Ulaya. Huwa jeusi lenye zambarau, na uvimbe ndio unaolitambulisha.

Chungeni pia kanuni mnazonakili. Dick Smith, fundi mashuhuri wa Marekani wa kuwapamba waigizaji wa sinema, aliyefariki mwaka 2014, alitia kwenye damu yake ya bandia Photo-Flo, kemikali ya kusuuzia filamu za kamera, ili itambae vizuri kwenye ngozi. Kemikali hiyo ni sumu, kwa hiyo damu ya namna hiyo haifai kabisa kuwekwa mdomoni. Kuhusu nzi, acheni sukari. Pikeni uji mwepesi wa wanga wa muhogo, mtie rangi ukiwa wa vuguvugu.

Fundi wa Dunda, Bagamoyo

Shikamoo mama, na ahsante. Nimeupika uji huo mchana huu, vijiko viwili vya wanga kwa kikombe cha maji, nikatia kakao na buluu kama ulivyoelekeza. Nimeupaka kiganjani na kukaa nao uani. Robo saa imepita: umeshuka polepole hadi kwenye kifundo, ukingo wake umeanza kuwa mweusi, na hakuna nzi aliyetua.