Tupeane uzoefu: umeshaambiwa mara ngapi "samahani, sikukuona"?

Mwenye uzi: Wakuu, jana jioni nimenusurika tena. Natoka kazini na pikipiki, spidi 50 hivi, taa inawaka, kizibao cha kung'aa nimevaa. Kwenye makutano kuna gari limesimama, linasubiri kuingia barabara kubwa. Dereva kageuza shingo upande wangu, tukakutana macho kabisa. Halafu huyo, kaingia! Nikabana breki zote mbili, tairi la nyuma likaanza kucheza, pikipiki ikaja kusimama shubiri moja tu na mlango wake. Kashusha kioo: "Samahani, sikukuona." Simu iko mkononi.

Kilichonichosha zaidi ni nyumbani. Namsimulia mama, ananijibu, "Si nilikwambia uliuze hilo dude?" Yaani mkosaji nimekuwa mimi! Haya, semeni yaliyowakuta, na nyumbani huwa mnajibu nini.

Gia ya Nne: Mimi ni mlango. Gari limeegeshwa kando, nalipita taratibu, mlango ukafunguka pwaa! Nikavunjika mtulinga, wiki sita mkono shingoni, hata kufunga vifungo vya shati nasaidiwa. Siku hizi nikipita magari yaliyoegeshwa nachungulia kwenye saitimira zao. Nikiona kichwa cha mtu, naacha nafasi ya mlango mzima, anayepiga honi nyuma yangu na apige.

Usukani: Naendesha gari, msinipige mawe. Ile nguzo ya pembeni mwa kioo cha mbele inaficha pikipiki nzima na mtu wake. Halafu kitu chembamba kinachokujia moja kwa moja unakiona kama kiko mbali na kinakuja polepole. Mtu anaweza kukutazama usoni na akili yake isikusajili. Nilipojua hilo nikaanza kuinama mbele na nyuma kama kuku anayedonoa kabla ya kuingia barabarani. Wanangu wananicheka.

Mwenye uzi: Mkuu, nguzo nimekuelewa. Lakini nguzo haishiki simu.

Usukani: Hapo sina utetezi.

Mke wa Dereva: Jamani, mimi ndiye huyo wa nyumbani mnayemlalamikia. Mlio wa pikipiki yake naujua kuliko mlio wa simu yangu, na ukichelewa kusikika silali. Siku moja nilichungulia dirishani nikamwona anafika, helmeti imening'inia kwenye kiwiko. Kiwiko! Tuligombana mpaka majirani wakanyamaza. Neno la kuuza nimeliacha, ila kamba ya helmeti ifungwe chini ya kidevu, na hiyo iliyowahi kugonga chini tuliitupa, maana povu la ndani likishabonyea halikingi tena hata kama nje inang'aa. Na tuelewane: yule dereva mwenye simu simjui, sina pa kumpata. Hasira yangu inamwangukia ninayemwona mezani.

Klachi: Dada, umenigusa.

Yangu fupi. Niligongwa kwa nyuma nikipunguza mwendo kwa gia peke yake, bila breki. Taa ya breki haiwaki ukipunguza kwa gia! Mwenye gari alikuwa amenigandia, na ukiwa spidi 60 kila sekunde unakula mita 17 hivi, angewahi wapi? Sasa nagusa breki kidogo hata kama siihitaji, ili taa imwambie.

Mstaafu: Mimi niliuza ili nyumbani pawe na amani. Nikanunua gari. Mwezi uliopita nahama njia, nikasikia honi na breki pembeni yangu, kumbe nimemchomekea kijana wa pikipiki. Nikashusha kioo, na mdomo ukasema wenyewe: "Samahani, sikukuona."

Mwenye uzi: Akakujibu nini?

Mstaafu: Hakujibu. Alinitazama, akashusha kioo cha helmeti, akaondoka.