Naomba ushauri: kukata maneno marefu ya Baiolojia ya Kiingereza

Habari zenu walimu wenzangu. Naomba msaada kwa wanaofundisha Baiolojia kidato cha kwanza na cha pili.

Wanafunzi wangu nawafundisha kukata maneno kwa kufuata maana ya kila sehemu: photo ni mwanga, synthesis ni kuunganisha, thermo ni joto, meter ni kipimo. Maana wanaishika vizuri sana. Kwenye kutamka ndipo tunakwama, kwa sababu wanaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama tunavyofanya kwenye Kiswahili. Thermometer wanaitamka "themo-MIta", kumbe silabi zenyewe ni ther-mom-e-ter na mkazo uko kwenye "mom". Yaani ile o ya thermo inavutwa na m ya meter, na mpaka wa maana unavunjika.

Nimejaribu kupiga makofi kwa kila silabi, nikaongeza kanuni ya viambishi: neno likiishia na -logy, mkazo uko silabi ya tatu kutoka mwisho (e-COL-o-gy), likiishia na -ic, uko silabi inayotangulia -ic (pho-to-syn-THET-ic). Hapo walienda vizuri. Kwenye -osis kanuni ikanigomea: mi-TO-sis, os-MO-sis, halafu met-a-MOR-pho-sis!

Maswali yangu ni mawili. Je, mnaanza na mizizi ya maneno (zile sehemu zenye maana, kama photo) au na silabi, hasa darasa likiwa na wanafunzi zaidi ya 60? Na hayo yanayokiuka kanuni, mnayafundisha mapema au mnasubiri yatokee kwenye mada?

Natanguliza shukrani.