Tupeane uzoefu: kuwa maskini katika nchi tajiri

Mbeba Boksi wa Texas

Wakuu, habari za majukumu.

Mada za majuu zimejaa waliofanikiwa na wanaofundisha njia za kupata viza. Waliopo huku na hawana kitu wako kimya, nami nawaelewa. Ndugu walichanga, mama aliuza kiwanja, ukasindikizwa uwanja wa ndege na watu wa noah mbili. Utaanzaje kuwaambia kwamba uko Marekani na umelala bila kula ili kodi ya nyumba itimie? Naomba tuzungumze bila kuchekana.

Nianze na hesabu. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani ni dola 7.25 kwa saa, na hakijapanda tangu 2009. Majimbo mengi yameweka chao cha juu zaidi, Texas haijaweka. Ukipiga saa 40 kwa wiki mwaka mzima bila kuumwa unapata dola 15,080 kabla ya makato. Serikali hiyo hiyo inasema kwamba kwa mwaka 2025 mtu mmoja anayeingiza chini ya dola 15,650 ni maskini. Kwa hiyo mtu anaweza kufanya kazi ya kudumu, halali, na bado akawa chini ya mstari. Mkizidisha kwa shilingi mnaona zaidi ya milioni 3 kwa mwezi na mnashangaa analalamikia nini. Anailipa nyumba kwa dola, ndugu zangu, na chumba kimoja hapa Dallas kinaweza kuimaliza hela hiyo yote.

Kinachowachanganya wa nyumbani ni kwamba maskini wa huku ana friji, ana simu, ana gari. Gari ni kama jembe kwa mkulima, bila hilo hakuna kazi. Arlington, mji wa watu karibu laki nne hapo katikati ya Dallas na Fort Worth, hauna mabasi ya kawaida ya ruti, kuna vigari vya kuita kwa simu tu. Gari likifa Jumatatu, kazi inaweza kufa Jumatano.

Nyumbani nimekuwa maskini pia, najua kulala na uji. Lakini kule kuna kupima. Mafuta ya kula ya kupima, unga robo, LUKU ya elfu moja, na Mangi anakuandika daftarini mpaka mwisho wa mwezi. Huku hakuna kupima. Kodi ya nyumba ni tarehe 1, nzima. Ukichelewa siku chache inaongezwa faini. Ukiendelea kuchelewa, sheria ya Texas inamtaka mwenye nyumba akupe notisi ya siku tatu tu kabla ya kwenda mahakamani. Mwenye nyumba wa Temeke ana roho ngumu na anataka miezi sita, lakini utamkuta kibarazani, utakaa naye, utamweleza mtoto anaumwa. Huku mwenye nyumba ni kampuni. Hana kibaraza.

Na kukosa kwenyewe kunatozwa. Akaunti ikiwa na dola 4 na bili ya dola 10 ikapita, kuna benki zinazokata mpaka dola 35 kwa sababu hukuwa na hela. Mwaka jana gari langu liliharibika gia. Nikampa fundi hela ya kodi, kisha nikaziba kodi kwa mkopo wa kuweka rehani kadi ya gari. Nyumbani tunaiita kausha damu, na huku ipo, ina maduka yenye taa barabara nzima. Riba yake ukiihesabu kwa mwaka inaweza kupita asilimia 300. Nililipa miezi na deni likabaki vile vile, kwa sababu nilichokuwa nalipa ni ada ya kuliongezea muda.

Ghalani ninapofanya kazi tulikuwa na mzee mmoja Mzungu, mzaliwa wa hapa hapa, aliyekuwa akilala ndani ya gari lake kwenye maegesho. Aliuza nyumba kulipa madeni ya matibabu ya mkewe, na mke akafariki. Kila asubuhi anaoga kwenye jimu aliyolipia kadi ya mwezi, anavaa shati safi, anaingia kazini. Tulikaa naye meza moja muda mrefu bila yeyote kujua. Kwa hiyo msidhani ni habari za wageni peke yetu.

Karibuni.

Mwana wa Fizi

Salamu kwa wote. Mimi ni Mkongomani wa Fizi, nimekulia kambi ya Nyarugusu huko Kigoma, sasa nipo Iowa na familia.

Ndugu wa Texas umesema kweli. Mimi niongeze kwamba sisi wakimbizi tulianza na deni kabla ya kushuka kwenye ndege. Nauli ile ilikuwa mkopo kutoka IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji. Haukuwa na riba, lakini ulitakiwa uanze kuulipa miezi kama sita baada ya kufika, na familia yenye watoto wengi ilianza maisha ikidaiwa maelfu ya dola. Msaada wa mapokezi ulikuwa wa siku 90 za mwanzo. Baada ya hapo ni kiwanda cha nyama. Baridi ndani, baridi nje, kisu mkononi kutwa, na vidole vya wengi wetu usiku havikunjiki.

Kuna kadi ya serikali ya kununulia chakula, tunashukuru, watoto wamekula. Lakini ukiongezewa mshahara kidogo kadi inashuka, na wakati mwingine nyongeza yenyewe haitoshi kuziba palipopungua. Wenzangu kadhaa wamekataa saa za ziada kwa hofu hiyo. Watu wakasema ni wavivu. Si wavivu, wamepiga hesabu.

Kambini tulikuwa maskini wote. Siku ya mgao tulipanga mstari mmoja, mahindi yakipungua yamepungua kwa kila mtu, na nikikosa chumvi nilibisha nyumba ya jirani. Hapa jirani yangu simjui jina. Huku barua ndiyo inayokuja kukuambia umekosa, na barua ni ya Kiingereza. Binti yangu wa darasa la sita ndiye anayetusomea. Maana yake yeye ndiye wa kwanza nyumbani kujua kwamba tunadaiwa. Ananitazama kwanza, halafu anatafsiri. Hilo linaniumiza kuliko kiwanda.

Binti wa Nakuru

Jameni, nimesoma hapo kwa Mwana wa Fizi nikalia.

Mimi niko kaskazini mwa Uingereza. Nilikuja kwa ile viza ya kutunza wazee, ile waliifungulia wahudumu mwaka 2022. Ajenti alikula pesa nyingi sana, baba akauza sehemu ya shamba. Barua ya kazi iliandika saa 39 kwa wiki. Nilipofika nilikuwa napewa wiki moja saa 15, nyingine 20. Na kazi yenyewe ni kuzunguka, dakika 30 kwa mzee huyu, uendeshe mpaka kwa mwingine, na huo muda wa barabarani hawakuwa wananilipa, ingawa sheria inataka uhesabiwe kwenye kima cha chini. Unatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, unarudi saa nne usiku, na umelipwa saa sita.

Sasa ukitaka kulalamika, viza yako imeshikwa na huyo huyo mwajiri. Akifungiwa leseni unapewa siku 60 utafute mwingine au uondoke. Tulinyamaza wote. Na viza imeandikwa kabisa kwamba huruhusiwi msaada wa serikali, yaani unakatwa kodi kila mwezi lakini ukianguka ni shauri yako.

Mambo ya stima nilidhani nayajua kwa sababu nimekulia nyumba ya tokens. Huku nyumba nyingi za watu wa hali yetu zina mita ya kulipia kabla, lakini kuna ada ya kila siku hata usipowasha taa. Salio likiisha ukakaa gizani na baridi mpaka siku ya mshahara, ile ada inaendelea kujiandika. Ukija kuweka pauni 10, sehemu inamezwa kulipia siku ulizokaa kwa baridi. Nilikuwa nalala na koti na soksi mbili, na mchana naenda kumwashia mzee wa watu hita ya nyumba nzima.

Mpemba wa Muscat

Assalaam alaykum. Nitasema machache kwa sababu simu si ya kushika muda wote. Mimi ni mfanyakazi wa ndani. Nyumba ni kubwa, na chumba changu ni kile cha kando ya jiko, pamoja na mashine ya kufulia. Nakula wanachokula, sikatai. Ila pesa yangu huiona kwa kuomba, na pasi ya kusafiria sina mimi. Wako mabinti wanaotamani kuja. Waje wakiwa na mkataba wanaouelewa, na namba ya ubalozi wameiandika mahali pasipokuwa kwenye simu.

Dada Mtu, Mbagala

Samahanini, mimi sipo huko. Nasoma tangu juu na nina swali la kweli kabisa. Kaka yetu yupo Marekani mwaka wa tano. Baba anahitaji dawa za presha kila mwezi, tukimwomba laki mbili anasema subiri, na simu siku hizi hapokei. Lakini picha anaweka, na gari lipo. Sisi tumeshamhesabia kuwa amebadilika, na baba ameacha kumtaja. Je, inawezekana hana? Na kama hana, kwa nini asiseme tu?

Mbeba Boksi wa Texas

Dada, inawezekana sana. Hilo gari huenda ni la mkopo, analilipia kila mwezi, na picha ni ya siku moja aliyopata nafuu. Kuhusu kutosema, nikujibu kwa upande wangu. Mtu akishaitwa tegemeo la nyumba, kusema "sina" ni kama kujivua jina. Unaona bora wakuone mchoyo, mchoyo angalau ana heshima ya kuwa nacho. Ni mawazo mabaya, na yanatuua, lakini ndiyo yanayotufanya tusipokee simu.

Mpigie siku ya kawaida, usitaje dawa. Muulize anafanya kazi gani, zamu za saa ngapi, kodi ya nyumba analipa tarehe ngapi. Muulize kama ana bima. Texas ni moja ya majimbo yaliyokataa kupanua Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, kwa hiyo mtu mzima asiye mzee, asiye na mtoto wa kulea, ujauzito wala ulemavu hapati hata akiwa hana senti. Akizidiwa, hospitali inalazimika kumpokea kwenye dharura, sheria hiyo ipo tangu 1986, ila bili inamfuata nyumbani. Huenda naye ana presha na hanywi dawa.

Msoma Berlin

Dada Mtu, mimi mwanafunzi. Kupata viza ya masomo ya Ujerumani sasa unaonyesha euro 11,904 kwenye akaunti maalumu. Ndugu wengi hukopa kuijaza, na mtoto akifika anatumiwa ujumbe arudishe. Anakula nini hapo? Huku nawaona hata wazee Wajerumani, wamevaa makoti mazuri, wakiokota chupa kwenye mapipa ya stesheni kwa sababu chupa nyingi za plastiki zinarudishiwa senti 25 kila moja. Mara ya kwanza nilidhani wanasafisha mji.

Dada Mtu, Mbagala

Asanteni sana. Kuhusu zamu zake sikuwahi kumuuliza hata siku moja. Nitampigia Jumapili. Na Binti wa Nakuru, wewe kwa sasa unakula?

Binti wa Nakuru

Nakula mpenzi, nilipata mwajiri mwingine kabla zile siku hazijaisha. Na hili niliandike kwa wengine walio Uingereza kwa viza kama yangu, maana nilikaa na njaa kwa kutolijua: benki ya chakula si msaada wa serikali, ni ya hisani, haigusi viza. Nyingi zinataka vocha. Muulize daktari wako wa mtaa, shule ya watoto, au nenda Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure, wanakuandikia. Hakuna anayepiga simu uhamiaji. Nilipewa mchele, maharage ya kopo, maziwa, na mama mmoja wa pale akaniuliza kama nina kiberiti na sufuria.

Walioko Amerika, pigeni 211, waambieni mnatafuta chakula au msaada wa kodi ya nyumba, na muombe mkalimani wa Kiswahili. Mwana wa Fizi, yule binti apumzike kusoma barua.