Vermont: Mji mmoja, mwakilishi mmoja

Muulizaji:
Ndugu wanajukwaa, jimbo la Vermont nchini Marekani, lenye mashamba mengi na miji midogo, lilishikwa na chama cha Republican kwa zaidi ya miaka 100, ilhali siku hizi Bunge lake limo mikononi mwa Democratic. Je, ni kweli kwamba mgeuko huo uliletwa na mahakama?

Jibu la 1:
Mahakama ilichangia sana. Tangu karne ya 18 kila mji ulipeleka mwakilishi mmoja, bila kujali idadi ya wakazi wake, na Seneti ilipoundwa mwaka 1836 utaratibu huo wa Baraza la Wawakilishi haukuguswa. Matokeo yake, kufikia mwaka 1960, Burlington yenye watu zaidi ya 35,000 ilikuwa na kura moja barazani, sawasawa na Stratton, ambako hawakufika hata 50. Mwaka 1964 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Reynolds dhidi ya Sims, iliamua kwamba mabaraza yote mawili ya jimbo yagawe viti kwa kufuata idadi ya watu. Mwaka uliofuata wawakilishi 246 walilazimika kupitisha mpango wa kubakiza viti 150, yaani wengi wao walipiga kura ya kujiondoa wenyewe.

Jibu la 2:
Maelezo hayo ni sahihi, ila hayajibu swali. Philip Hoff wa Democratic alichaguliwa kuwa gavana mwaka 1962, kabla ya hukumu hiyo, na kwa upande mwingine Republican waliendelea kuwa na wingi barazani kwa takriban miaka 20 baada ya viti kugawanywa upya. Ramani mpya ilifungua mlango, lakini walioingia ni wapiga kura wapya: wahamiaji kutoka majimbo jirani, waliofika wakati ambapo mashamba ya ng'ombe wa maziwa yalikuwa yakipungua.

Jibu la 3:
Naomba tusiuhukumu utaratibu wa zamani kwa ukali kupita kiasi, ingawa sitautetea kwa hesabu. Mgombea alichohitaji ni kufahamika kwa majirani zake, na ndivyo Edna Beard wa mji mdogo wa Orange alivyochaguliwa mwaka 1920 kuwa mwanamke wa kwanza katika Bunge hilo. Kufikia mwaka 1953 Spika alikuwa mwanamke, Consuelo Northrop Bailey.

Muulizaji:
Nashukuru. Kwa hiyo Democratic walianza lini kuliongoza baraza?

Jibu la 2:
Walipata kiti cha Spika kabla ya kupata wingi. Mwaka 1985 Republican walikuwa bado wengi kwa tofauti ndogo, lakini baadhi yao walimpigia kura Ralph Wright wa Democratic, naye akashinda.