Chipu feki, na betri niliyoandika ISIGUSWE wameikata

Jamani mafundi, nimengoja wiki tatu nipoe na sijapoa. Jina la karakana niliyoipelekea mita yangu ya kupimia umeme ibadilishwe chipu sitalitaja, lakini iko Mombasa, na mwenyewe akisoma hapa atajijua.

Mita ni HP 3478A, ya mezani, ya miaka ya 1980, tarakimu tano na nusu. Niliachiwa na ami yangu. Hapa Amu nashughulika na redio za boti, chaja za sola na stata za injini, na chumvi inakula kila kiungo. Mita ya mkononi itakwambia waya mzima. Hii, kwa waya zake nne, kwenye renji ya ohmu 30 inaonyesha hadi sehemu moja ya elfu kumi ya ohmu. Mara ngapi imenionyesha kiungo kilichooza ndani ya plastiki kabla nahodha hajazimikiwa na injini baharini! Ndiyo maana sikubali kuambiwa "ni kidude cha zamani, nunua mpya".

Kusi ilipoanza, siku moja niliiwasha kioo kikabaki kitupu. Volti 5 zipo, zimetulia. Kristali, inayotoa mapigo, inacheza kwenye miguu ya 2 na 3 ya prosesa, chipu iliyo ubongo wa mita. Reseti, mguu wa 4, inapanda vizuri. Lakini mguu wa 11, ALE, ambako prosesa hutoa mapigo yake yenyewe, kimya kabisa. Prosesa ni Intel 8039, na ALE yake ni masafa ya kristali yakigawanywa kwa 15. Inatakiwa itoke hata kama EPROMU, chipu inayobeba programu ya mita, imejaa takataka. Nilirudia kupima siku mbili. Prosesa imekufa.

Kung'oa chipu ya miguu 40 kwa pasi ya kawaida ya kulehemu ni kubandua njia za shaba, na mashine ya kunyonya risasi sina. Nikaifunga kwa sponji, boti hadi Mokowe, basi hadi Mombasa. Tulikubaliana 3,500 ya chipu na 2,500 ya kazi, nikalipa zote kabla.

Sasa sikilizeni hapa. Namba za marekebisho ya vipimo, zinazofanya mita hii isome sawasawa, hazimo kwenye EPROMU. Zimo kwenye RAM ndogo, 5101, kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika, inayolindwa na betri moja ya lithiamu ya volti 3 iliyochomewa kwenye bodi. Ukiikata mita ikiwa imezimwa, bila kushikiza volti 3 kutoka nje, kila kitu kinafutika. Ingekuwa prosesa hai ningezisoma kwanza kwa GPIB, tundu la kuiunganisha na kompyuta, nikazihifadhi. Haikuwa hai, kwa hiyo betri ile ndiyo ilikuwa imeshikilia roho ya mita. Nilimweleza mwenye karakana kwa simu. Nikaandika kwa kalamu nyekundu, BETRI ISIGUSWE, nikabandika karatasi ndani ya mfuniko.

Mita ikarudi. Nikaiwasha, kioo kikawaka, nikafurahi kama sekunde tatu, halafu ikaandika kwamba RAM ya prosesa imefeli. Nikapaka asetoni juu ya chipu yao. Maandishi ya 8039 yakatoka na pamba, na chini yake, pasiposuguliwa vizuri, pameandikwa 8035. Hiyo ina RAM ya baiti 64. 8039 ina 128. Programu inatafuta nusu ya pili ya kumbukumbu na haipo! Na hata 8049 iliyotolewa kwenye kifaa kibovu ingefaa, maana ukifunga mguu wa 7 kwenye volti 5 inaacha ROM yake, yaani programu iliyomo ndani yake, na kusoma ya nje. Anayeuza chipu hizi anapaswa kulijua hilo.

Nilipoinamisha bodi ili niitazame vizuri ndipo nikaiona betri. Mpya, inang'aa. Karatasi yangu bado imebandikwa pale pale.

Nikampigia. Akaniambia, "Sheikh, mbona walalamika? Betri tumekuwekea bure." Nikamwuliza kama walishikiza volti 3 wakati wa kubadilisha. Akaniuliza za nini. Tangu siku hiyo simu hapokei.

Chipu naweza kutafuta nyingine. Kumbukumbu ile haitafutwi popote. Hata mita ikiamka, itabidi isafiri hadi maabara ya vipimo ya KEBS Nairobi ndipo niamini namba zake, na gharama hiyo ni yangu kwa kosa ambalo nililikataza kwa maandishi.

Bwana, nataka 6,000 zangu na prosesa yangu ya zamani uliyobaki nayo. Nakupa hadi mwisho wa mwezi, kisha nitakuja mwenyewe na ile karatasi mkononi.

Na nyinyi wengine, mwenye 8039 au 8049 ya kweli, aliyeitoa kwa mkono wake kwenye kifaa anachokijua, aniandikie hapa chini. Picha ya juu na ya chini ya chipu tafadhali, na uisugue kwa asetoni kwanza.