IRRRL: nina ofa tatu za kushusha riba ya nyumba, nichukue ipi?

Askari_Killeen
Habari zenu wakuu. Nilitoka jeshini 2022, nikabaki hapa Killeen, Texas. Oktoba 2023 nilinunua nyumba kwa mkopo wa VA (idara ya serikali ya Marekani ya waliowahi kuwa jeshini): dola 300,000, riba asilimia 7, miaka 30. Kila mwezi natoa 1,996 bila kuhesabu kodi na bima. Nimeshalipa mara 24 bila kuchelewa hata siku moja, salio ni kama 293,700.

Sasa nataka kuuhamisha kwa IRRRL, ule utaratibu wa VA wa kushusha riba tu. Ofa ni hizi, zote za miaka 30, na ada ya VA ya asilimia 0.5 (kama 1,470) imeshaingizwa humo:

Ya kwanza: riba 6, gharama 4,500 zinapanda juu ya mkopo. Malipo 1,797.
Ya pili: riba 5.5, ila nanunua pointi mbili (yaani nalipia asilimia 2 ya mkopo ili riba ishuke), gharama zote 10,400 juu ya mkopo. Malipo 1,735.
Ya tatu: riba 6.375, gharama anabeba mkopeshaji. Malipo 1,842.

Moyo wangu uko kwenye ya pili. Pia natamani nitoe 20,000 hapohapo nimalizie nyumba ya mama Morogoro. Naombeni ushauri.

Mama_Tacoma
Kaka, ya pili haipiti. Sheria ya 2018 inataka gharama za IRRRL zirudi ndani ya miezi 36 kutokana na kile unachookoa kwenye malipo. Ada ya VA haihesabiwi hapo, kodi na bima pia, lakini pointi zinahesabiwa. Piga mwenyewe: 1,996 toa 1,735 ni 261. Gawa 10,400 kwa 261, unapata miezi 40. Mwambie aliyekuletea akuandikie muda wa kurudisha gharama, umwone atasemaje.

Masharti mengine unayo. Mkopo wa zamani ni wa VA, umeshalipa zaidi ya mara sita, siku 210 tangu tarehe ya malipo ya kwanza zimepita, na riba inashuka zaidi ya nusu asilimia. VA haidai mthamini aje nyumbani wala haidai kupekua mapato upya, ingawa baadhi ya wakopeshaji huongeza masharti yao.

Unapokea fidia ya ulemavu? Anayepokea hatozwi ile ada kabisa.

Askari_Killeen
Asante dada. Nimepeleka madai ya goti, bado nasubiri jibu.

Mama_Tacoma
Basi tunza karatasi zote. Wakikukubalia na tarehe ya kuanza fidia ikawa kabla ya siku uliyosaini mkopo, unaomba urudishiwe ada yako.

Fundi_Norfolk
Mimi nauliza, utakaa hapo muda gani? Kati ya ya kwanza na ya tatu tofauti ni dola 45 kwa mwezi. Ili upate hizo 45 unaongeza deni la 4,500. Hiyo ni miezi 100, zaidi ya miaka minane! Watu wanakimbilia riba ndogo, halafu baada ya miaka mitatu wanauza nyumba wakiwa bado wanadaiwa gharama ambazo hazijawarudia.

Mikopo ya kawaida ya benki usihangaike nayo kwa sasa. Kama ulinunua bila kutanguliza pesa, basi hujalipia asilimia 20 ya thamani ya nyumba, watakubandika bima ya mkopo kila mwezi.

Askari_Killeen
Mke wangu anamaliza uuguzi mwakani, na hospitali anazozitaka ziko Houston. Miaka mitatu, minne hivi.

Salim_Columbus
Basi ya tatu, bila kusita.

Ila nataka tuongee hiyo 20,000 ya Morogoro, maana hapo ndipo nilipoona wenzangu wengi wanaumia. IRRRL haikupi pesa mkononi. Kinachoruhusiwa kuongezwa ni hadi 6,000 kwa kazi za kupunguza matumizi ya nishati hapo hapo nyumbani. Ukitaka fedha taslimu unaingia mkopo mwingine wa VA, wa kutoa pesa, na sheria ya Texas haikubali mkopo wa namna hiyo upite asilimia 80 ya thamani ya nyumba, kwa hiyo huenda usiupate kabisa. Hata ungeupata, kwa kuwa ulishatumia haki yako ya VA mara moja, ada yake ni asilimia 3.3 ya mkopo *wote*. Asilimia 3.3 ya 313,700 ni zaidi ya 10,300. Ongeza mthamini na kupekuliwa mapato yote. Unalipa ada ya nusu ya pesa unayoichukua, ndugu yangu! Okoa hizo 154 kila mwezi, mpelekee mama mifuko ya saruji na bati kidogo kidogo.

Dada_SanDiego
Naomba kudandia. Nyumba yangu ya mkopo wa VA iko Fayetteville, nimeipangisha tangu nihamishwe. IRRRL inanihusu?

Mama_Tacoma
Inakuhusu. Unathibitisha tu kwamba uliwahi kuishi humo. Ule wa kutoa pesa ndio unaotaka uwe unakaa humo.

Mzee_Augusta
Vijana, niwaambie yaliyonipata. Niliwahi kupokea bahasha yenye picha ya ndege tai na maandishi mekundu, ukiitazama unaapa imetoka serikalini. Ndani: "ruka malipo ya miezi miwili." Nikaruka. Riba ya miezi ile ikapanda juu ya deni, na gharama juu yake. Nilikuwa nadaiwa 211,000, nikajikuta nadaiwa 217,000 na miaka 30 imeanza upya. Mke wangu alizitandaza karatasi zote mbili mezani, ya zamani na mpya, akaweka kidole kwenye salio. Sikuwa na la kusema.

Kijana wa Killeen, wewe ukishabadilisha endelea kulipa 1,996 ileile. Mikopo ya VA haina adhabu ya kulipa mapema. Kwa ile ofa ya tatu utamaliza kwa miezi 291 hivi badala ya 336 iliyobaki.

Askari_Killeen
Shikamoo mzee, nashukuru sana. Wa pili nimempigia leo asubuhi. Nilipotaja miezi 36 akakaa kimya kidogo, kisha akasema atanitumia karatasi nyingine. Wa tatu ameshaleta makadirio, zile kurasa tatu. Niangalie wapi?

Fundi_Norfolk
Ukurasa wa 2. Sehemu A, pointi ziwe sifuri. Kisha shuka hadi J: kile anachokubebea mkopeshaji kiandikwe hapo kikiwa na alama ya kutoa. Kama hakipo, usisaini.

Askari_Killeen
Kipo. Toa 4,480.