Pemfigasi ya kinywani: tuhesabu vidonda au tuulize mgonjwa amekula nini?

Mleta mada: Wakuu, naomba tulijadili hili. Shangazi yangu wa Kongwa ana pemfigasi, kinga ya mwili inaishambulia protini inayoshikanisha chembe za utando wa kinywa, malengelenge yanapasuka na kubaki vidonda. Kliniki ya juzi alimulikwa tochi, ikaandikwa "vidonda viwili, anaendelea vizuri", prednisoloni, dawa yake ya kutuliza kinga hiyo, ikapunguzwa. Jioni nikakaa naye jikoni. Anakata tonge dogo la ugali wa uwele, analizungusha kwenye mlenda mpaka liteleze, anainua kidevu kama kuku anywaye maji, anameza bila kutafuna. Machozi yanamtoka. Karanga hajazigusa tangu mavuno.

Kipimo cha PDAI, cha 2008, kinahesabu vidonda na ukubwa wake kwenye sehemu 12 za utando, alama hadi 120. Maumivu hayamo. Kipimo kingine, ABSIS cha 2007, kinakipa kinywa alama 56: 11 za sehemu zenye vidonda, 45 za chakula kinachouma, kuanzia maji hadi nyama ya kukaanga. Mimi nasimama na chakula.

Mchangiaji, tabibu wa meno Kondoa: Pole kwa shangazi, ndugu yangu. Ila maumivu yana mengi. Dawa hizo hizo huleta fangasi mdomoni: kinywa kinawaka moto na pemfigasi yenyewe imetulia. Nikifuata kilio nitampandishia dozi, sukari ipande, mifupa idhoofike bure. Kidonda nikikiandika leo, mwenzangu kesho atakikuta palepale. Halafu orodha yenyewe ya vyakula ya ABSIS ina kastadi na tufaha. Nani anakula kastadi Kondoa?

Mleta mada: La fangasi nakubali, daktari, limenigusa. Lakini ungejuaje pa kutafuta fangasi kama hukumuuliza kinachomuuma? Vidonda hesabu, chakula pia uliza. Na orodha iwe ya kwetu: maji, uji, wali, makande, mahindi ya kuchoma, karanga. Isibandikwe tu ukutani. Ijaribiwe kwanza kwa wagonjwa, matabibu wawili wampime mtu mmoja tuone kama alama zao zinakaribiana. Mlenda uulizwe peke yake. Shangazi aliulizwa, "Mama, ugali unakula?" Akajibu ndiyo, na hakusema uongo.